Usidanganywe na Jua la Oktoba

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi)



Katibu aliponiandikia alisema nichague jambo lolote lenye manufaa, ila nisizidishe nusu saa, na tena nisizungumzie mambo ya ofisini, kwa sababu msemaji mmoja wa miaka ya nyuma alitusomea nyaraka za serikali mpaka wali ukapoa. (Kicheko.) Nimetii. Leo nitazungumza juu ya maua.

Wenye umri wangu mtaikumbuka miwaridi iliyokuwa mbele ya ofisi ya Mkuu wa Shule. Mimi naikumbuka kuliko wengi, kwa kuwa nilikuwa mchelewaji, na adhabu ya mchelewaji ilikuwa kuchota maji bondeni na kumwagilia maua kabla ya kengele ya pili. Mzee mtunza bustani alinihurumia akanifundisha kazi. Alinionyesha jinsi ya kupogoa, kutia samadi na kuteka maji bila kuyapoteza njiani. Alisema mwaridi ni kama mwanafunzi mvivu, ukiukata vizuri unaamka. Na kweli, tulikuwa tukikata matawi, tukitia samadi, tukimwagilia, na baada ya wiki sita mpaka nane maua yalijaa. Nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa najihesabu kuwa fundi wa waridi. Kumbukeni neno hilo, maana ndilo lililoniponza.

Baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam niliingia kazini, na mwezi Agosti 2016 nilipelekwa Marekani, mji wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, kusomea shahada ya pili ya uongozi wa shughuli za umma. Nilipanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja mjane aliyekuwa amepita miaka sabini na tano. Kodi ilikuwa nafuu, kwa sharti kwamba nimsaidie kazi za nje. Nyuma ya nyumba palikuwa na miwaridi kumi na miwili. Nilipoiona nilicheka moyoni nikasema, Mungu si Athumani, nimeletwa kwangu.

Kati ya hiyo kumi na miwili mmoja ulikuwa na heshima yake. Ulikuwa wa aina iitwayo Peace, yaani Amani, wenye maua makubwa ya manjano yenye wekundu hafifu pembezoni. Aina hiyo ilizalishwa na Mfaransa Francis Meilland kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilipewa jina hilo huko Marekani mwezi Aprili 1945, vita vikiwa vinakaribia kwisha Ulaya, na wakuu wa ujumbe katika mkutano wa San Francisco uliounda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake. Mwaridi wa bibi ulipandwa na marehemu mume wake mwaka 1971, mwaka walioinunua nyumba ile. Kila asubuhi bibi alikuwa akinywa kahawa yake akiutazama kupitia dirisha la jikoni.

Mwishoni mwa Septemba bibi aliteleza ngazini akavunjika nyonga. Alipasuliwa, na watoto wake wakaamua kwamba akitoka hospitali akapumzike kwa binti yake, jimbo la kusini lenye joto, mpaka baridi ipite. Kabla ya kuondoka aliniandikia karatasi, nikaibandika juu ya jokofu. Ilikuwa na mistari mitano tu: Usitie mbolea. Usikate. Usichume maua yaliyokauka. Mwagilia. Katikati ya Oktoba, mwombe jirani akusaidie kuilaza.

Ndugu zangu, sasa lazima niwaeleze maana ya mistari ile, kwa maana mimi wakati huo sikuijua, na sikuuliza.

Katika nchi ile, mwezi Januari baridi huweza kufika nyuzi 30 za sentigredi chini ya sifuri. Mmea wenye maji ndani ya matawi yake hauwezi kustahimili hali hiyo isipokuwa umejitayarisha. Nao mwaridi hujitayarisha. Siku zinapofupika, na usiku unapoanza kuwa wa baridi, huacha kukua. Matawi hukomaa, sukari huongezeka ndani ya chembe zake, na sehemu ya maji huhamia nje ya chembe, ambako yakiganda hayatapasua kitu. Kazi hiyo huchukua majuma mengi. Haifanyiki kwa usiku mmoja.

Mtunzaji naye ana wajibu wake. Mbolea yenye nitrojeni huachwa katikati ya Agosti, ili mmea usisukumwe kutoa machipukizi mapya. Kuanzia Septemba maua yanayokauka hayakatwi, yanaachwa yafanye matunda yake madogo mekundu, kwa sababu mwaridi unaozaa huelewa kwamba kazi ya mwaka imekwisha. Kupogoa kwa nguvu hakufanywi mpaka majira ya kuchipua. Kinachoruhusiwa ni kupunguza ncha za matawi marefu ili upepo usiutikise mmea na kulegeza mizizi. Majani yaliyoanguka huokotwa na kutupwa, maana ndiyo yanayohifadhi ugonjwa wa madoa meusi mpaka mwaka unaofuata. Lakini maji hayaachwi mpaka ardhi igande, kwa kuwa mmea wenye kiu huingia katika baridi ukiwa dhaifu.

Kisha yako mambo ya kufunika. Miwaridi mingi ya bustani imebebeshwa, kama tunavyobebesha miembe na michungwa: juu ni aina yenye maua mazuri, na chini ni mizizi ya aina nyingine yenye nguvu. Pale palipoungwa ndipo penye roho ya mmea. Watu hulundika udongo juu ya shina kimo cha sentimita 25 au 30, udongo ulioletwa kutoka mahali pengine, si wa kukwangua pale pale na kuacha mizizi uchi. Ardhi ikishaganda, huongeza majani makavu au nyasi juu. Msidhani kusudi lake ni kuupa mwaridi joto. Kusudi ni baridi yake isibadilike-badilike, maana kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, huua kuliko baridi yenyewe.

Watu wa Minnesota wana njia yao zaidi ya hiyo, nayo ndiyo bibi aliyoiita kuilaza. Katikati ya Oktoba hufunga matawi kwa kamba, huchimba mtaro ubavuni mwa mmea, hulegeza mizizi upande wa pili kwa uma wa kulimia, kisha huuinamisha mmea wote taratibu mpaka ulale ndani ya mtaro. Huufukia kwa udongo, na baadaye majani makavu juu yake. Mwezi Aprili huufukua na kuusimamisha. Mwaridi ule wa Amani ulikuwa umezikwa na kufukuliwa hivyo kila mwaka, miaka arobaini na mitano.

Basi ikaja Oktoba ya mwaka 2016. Wenyeji wenyewe walishangaa. Ilikuwa ni joto mchana na usiku, watu wanatembea kandokando ya maziwa na fulana. Nami nikaitazama karatasi ya bibi nikasema, huyu aliandika kwa mazoea, hakujua mwaka huu utakuwaje. Nikaitazama miwaridi, nikaiona imechoka, ina maua makavu na matawi marefu yasiyo na mpango. Nikaikumbuka adhabu yangu ya hapa shuleni. Nikanunua mkasi mpya. Nikapogoa yote kumi na miwili mpaka chini ya goti, nikatia mbolea ya chumvichumvi, nikamwagilia.

Jirani, mzee mmoja mstaafu, alikuwa siku hiyo hiyo analaza miwaridi yake, ametoka jasho, ameivua hata koti. Nilimwonea huruma. Nilimwuliza kwa nini anazika maua kwenye jua kama lile. Akajibu kwamba yeye hafuati kipimajoto, anafuata urefu wa mchana. Nikatikisa kichwa. Kwetu mchana ni saa kumi na mbili, Januari mpaka Desemba. Sikuwahi kufikiri kwamba urefu wake ni habari. Pale Minneapolis mchana wa Juni unazidi saa kumi na tano, na wa Desemba haufiki saa tisa. Jua lilikuwa limekwisha kusema. Mimi nilikuwa nasikiliza joto peke yake.

Baada ya majuma mawili machipukizi mekundu yalitoka kila mahali, laini, yanang'aa. Nilipiga picha. Sikumpelekea bibi, nilitaka iwe zawadi yake akirudi.

Sakitu ya kwanza ilichelewa mno mwaka ule, ikaja katikati ya Novemba. Nilipoamka machipukizi yote yalikuwa meusi kama majani ya chai yaliyopikwa. Nilikwenda kwa jirani. Hakunicheka. Alileta toroli lake na udongo aliokuwa nao akiba, tukalundika juu ya mashina matano mpaka udongo ukaisha. Akaniambia ninunue udongo mwingine nimalizie saba iliyobaki, nikianza na ule wa Amani, uliokuwa mwisho kabisa wa bustani. Nikamwambia nitafanya hivyo. Nilikuwa na mitihani. Nikasema, nikimaliza mitihani. Na siku zilizofuata zilikuwa na jua zuri tena.

Ndugu wanafunzi, neno hilo la "nikimaliza" mnalijua. Tarehe 18 Desemba baridi ilizidi nyuzi 25 chini ya sifuri. Nilitoka nje na sepeto, nikapiga ardhi, ikalia kama nimepiga zege.

Sikuwa wa kwanza kupatwa na jambo kama hilo katika sehemu zile, na hilo nililisoma baadaye maktabani, nikitafuta faraja. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilikuwa ya joto katika Minnesota. Wawindaji wa bata walikwenda mitoni na nguo nyepesi. Mchana upepo uligeuka, ikaja tufani ya theluji, na katika jimbo lile peke yake watu 49 walikufa, wakiwamo wawindaji wengi. Katika jimbo jirani la Iowa baridi ile ile iliikuta mitufaha ikiwa bado haijakomaa kwa ajili ya joto la majira yale, ikaua mitufaha mingi mno, na wakulima wengi hawakupanda tena tufaha. Walipanda mahindi na soya. Baridi kali walikuwa wameizoea. Kilichowaangusha ni wema wa siku zilizotangulia.

Bibi alirudi mwezi Aprili 2017, anatembea na mkongojo. Nilikuwa nimeitayarisha hotuba yangu. Nilikuwa na magazeti yaliyosema kwamba majira yale yalikuwa ya ajabu, na nilikusudia kumwambia kwamba ni hali ya hewa. Nikamwambia hivyo. Alikwenda dirishani akatazama. Kisha akaja kwenye jokofu, akaisoma karatasi yake mwenyewe mstari kwa mstari, akaiacha pale pale. Hakusema neno. Alikunywa kahawa yake akiwa ameupa mgongo ule upande wa bustani.

Mitano iliyofunikwa ilipona. Saba ilikauka. Lakini mwezi Mei nikaona machipukizi yenye nguvu chini ya shina la Amani, nikakimbia ndani kumwita bibi. Alitoka, akainama kwa taabu, akafukua udongo kidogo kwa kidole. "Tazama yanapotoka," akasema. Yalikuwa yanatoka chini ya pale palipoungwa. Mwezi Juni maua yakafunguka, madogo, mekundu ya damu ya mzee. Ilikuwa ni Dr. Huey, aina inayotumika sana Marekani kuwa mizizi ya kubebeshea. Amani ilikuwa imekufa, na kilichobaki ni aliyekuwa ameibeba.

Jioni ile ndipo nilipomwambia kweli. Nilimwambia nilikata, nilitia mbolea, nilikuwa na karatasi yake na niliisoma, na jirani alinionya mara mbili. Nilimwonyesha hata ile picha ya machipukizi. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Yalikuwa mazuri." Halafu akasema kwamba sita kati ya ile saba hakuisikitikia, inauzwa dukani. Kuhusu ule mmoja hakusema kitu. Nilijitolea kuung'oa na kumpandia Amani mwingine. Alikataa. Alisema mizizi ile mumewe aliishika kwa mikono yake vilevile.

Oktoba iliyofuata tuliilaza miwaridi mitano pamoja na ule mwekundu. Bibi alikaa kwenye kiti cha bustani, blanketi magotini, akiamrisha. Jirani alichimba, nami nilifunga kamba. Jua lilikuwa linawaka. Nilitoka jasho, na kijana mmoja mpita njia alitutazama kwa huruma. Nilimjua alichokuwa anafikiri. (Kicheko.)

Ndugu Mwenyekiti, nimesema sitazungumzia ofisi, wala sitazungumzia. Lakini mtanisamehe nikisema maneno matatu kabla ya kukaa.

La kwanza ni kwenu wanafunzi. Wahenga walisema mgeni kipofu, ijapokuwa ana macho. Elimu mnayoipata hapa ni ya kweli, na yule mzee wa bustani hakunidanganya: alichonifundisha ni sahihi kabisa katika udongo huu na chini ya jua hili. Kosa lilikuwa langu kuichukua mpaka nchi nyingine bila kuuliza wenyeji wake. Mtakwenda mbali kuliko sisi. Mkifika, ulizeni kwanza. Na mtihani wa Novemba unalazwa katika miezi hii mnayoiona mirefu.

La pili ni kwetu sisi wa makamo. Ukifanya kosa juu ya mali ya mtu mwingine, usitafute gazeti la kukutetea. Nilikaa na uongo wangu tangu Aprili mpaka Juni, na nawaambia, miezi ile ilikuwa mizito kuliko Januari yote ya Minnesota. Bibi hakunifukuza niliposema kweli. Nadhani alikuwa anaingoja.

La tatu ni juu ya shule yetu. Asubuhi Ndugu Mkuu wa Shule alitutembeza, tukaliona tangi kubwa la maji lenye ufa upande wa mashariki. Mvua mwaka huu zimekuwa njema, tangi limejaa mpaka pale ufa unapoanzia, na nimesikia baadhi yetu wakinong'ona kwamba ukarabati ungoje, kwa kuwa maji yapo na fedha za Chama ni chache. Nimefurahi kuona maji. Lakini naliona na jua la Oktoba. Kiangazi kikija, vijana hawa watarudi kuchota bondeni kama nilivyochota mimi, na wao hawakuchelewa darasani. Saruji inataka siku nyingi za kukomaa, na haiwezi kukomaa ndani ya ufa unaovuja wakati watu mia kadhaa wanangoja ndoo. Kazi hiyo ni ya sasa. Naomba jambo hili lirudishwe katika ajenda ya mchana huu, na mimi naanza kwa mchango wangu, ambao nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina kabla sijasimama, ili nisije nikasema "nikimaliza".

Bibi yule alifariki mwaka 2021. Binti yake aliniandikia kwamba nyumba imeuzwa, na kwamba aliwaachia wanunuzi karatasi juu ya jokofu. Naomba Mungu wawe wameisoma.